Ksenia Hawryluk na Tafiti za Kwenye Droo

Baba Paroko, wafiwa wenzetu, majirani wa mtaa wetu, na nyote mliokanyaga theluji ya leo kuja kutushika mkono, familia ya Hawryluk pamoja na familia ya Froese inawasomea maisha ya mpendwa wetu Ksenia, na anayewasomea ni Olha, mdogo wake wa pekee, ambaye ameombwa asome polepole na asilie, la kwanza atajitahidi, la pili hawezi kuahidi.

Kabla hatujaanza, familia inapenda mjue jambo moja. Jana asubuhi kampuni ya dawa, kupitia mama mmoja wa ofisini kwao, ilimpigia simu shemeji yetu Delbert, mume wa marehemu, ikampa pole kwa maneno mazuri, kisha ikaomba kwamba katika historia hii yasitajwe majaribio ya dawa ambayo marehemu alishiriki akiwa mgonjwa, majaribio yaliyofungwa ghafla mwaka jana na ambayo matokeo yake hayajatolewa hadi leo, eti kwa heshima ya marehemu. Delbert, ambaye wote mnajua si mtu wa maneno mengi, alijibu, "Heshima ya mke wangu naijua mimi, mama, we endelea na kazi yako," akakata simu. Kwa hiyo yatatajwa. Ksenia alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa, ahesabiwe katika matokeo ya dawa ile iliyoshindwa kumponya, na sisi hatuwezi kumzika dada yetu huku tukimsaidia mtu mwingine kumficha.

Marehemu Ksenia Hawryluk alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, katika shamba la ngano la baba yake, nje kidogo ya mji wa Canora, jimbo la Saskatchewan, akiwa mtoto wa kwanza kati ya mabinti wawili wa marehemu mzee Petro Hawryluk na marehemu mama Teklya, siku ya dhoruba ambayo hata mkunga alishindwa kufika, na mama yetu alizoea kusimulia kwamba mtoto alitoka amekunja uso kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Alibatizwa tarehe 20 Aprili mwaka huohuo, na padri aliyembatiza alilalamika kwamba alimng'ang'ania ndevu.

Elimu ya msingi aliianza mwaka 1958 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa kando ya shamba letu, na huko ndiko tabia yake ilikojulikana, kwani mwaka 1963 mwalimu alileta habari ya mbegu mpya ya ngano, akawaambia watoto waulize majumbani mavuno yalikuwaje, watoto wakarudi na habari njema tupu, mwalimu akafurahi na kuandika ubaoni kwamba mbegu ni nzuri sana, Ksenia akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, mbona mzee Kowalchuk hajaulizwa? Yake imekauka yote, na hana mtoto shuleni." Mwalimu akamwambia, "Ksenia, kaa chini." Alikaa chini, na kwa kadiri familia inavyojua, hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwake kukaa chini kwa kuambiwa.

Baada ya masomo ya sekondari mjini Canora, alijiunga na chuo kikuu mjini Saskatoon mwaka 1970, akahitimu shahada ya hisabati mwaka 1974, kisha akaenda Toronto kusomea takwimu, akatunukiwa shahada ya uzamivu tarehe 8 Juni 1979, mzee Petro akiwa ukumbini na suti aliyoazima kwa jirani, akiuliza kila aliyekaa karibu naye, "Sasa huyu binti yangu ni daktari wa kutibu nini?"

Swali la mzee lilikuwa zuri, na wengi wenu mmekuwa mkiliuliza kimyakimya miaka yote hii, kwa hiyo tutalijibu hapa. Kazi ya Ksenia ilikuwa kuunganisha matokeo ya tafiti zilizofanywa mahali mbalimbali kuhusu jambo moja, kwamba madaktari wa Winnipeg wamejaribu dawa kwa wagonjwa arobaini, wa Halifax kwa wagonjwa sitini, wa nchi nyingine kwa wagonjwa mia, kila mmoja anasema lake, na utafiti mmoja mdogo peke yake unaweza kudanganywa na bahati, basi yeye anazikusanya zote, anaupa kila mmoja uzito wake kwa hesabu, anazijumlisha, ili dawa ijulikane inaponya, inaua, au haifanyi lolote. Hesabu yenyewe, alisema, kijana yeyote aliyesoma takwimu anaweza kuifanya. Kilichomnyima usingizi ni kuzipata zote, maana utafiti ukileta furaha huchapishwa na kupigiwa makofi, ukileta aibu hufungiwa kwenye droo, na mtu akiunganisha zilizochapishwa tu anakuwa ameunganisha furaha, halafu furaha hiyo inamiminwa kwenye mshipa wa mgonjwa.

Marehemu aliajiriwa tarehe 4 Septemba 1979 katika kitengo cha utafiti cha hospitali moja ambayo hatutaitaja jina, akafanya kazi hapo miaka thelathini na minane bila kupendwa sana na wakubwa. Tarehe 14 Juni 1980 alifunga ndoa na Delbert Froese, fundi wa matanuri ya kupashia nyumba joto, ambaye walikutana siku tanuri la nyumba aliyopanga lilipozimika katikati ya Januari, na badala ya kumpisha fundi afanye kazi yake, Ksenia alimuuliza ametengeneza matanuri mangapi ya aina ile na mangapi yalizimika tena, Delbert akamwambia ukweli, na ndoa ikaanzia hapo. Walijaliwa mtoto mmoja, Larissa, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1983, njiti wa miezi saba, akalazwa kwenye mashine ya kupumulia, akatiwa dripu ya dawa iliyokuwa ikisifiwa wakati ule kwamba inafungua mapafu ya watoto njiti, akapona, na ndiye huyu amekaa mbele hapa akiwa na watoto wake wawili.

Tunaitaja dripu hiyo kwa sababu mwaka 1991 mkuu wa kitengo, Dokta Wendell Strachan, alimpa marehemu kazi ya kuunganisha tafiti zote zilizofanywa juu yake. Zilizochapishwa zilikuwa tisa na zote zilikuwa tamu, Dokta Strachan akataka karatasi ya matokeo itoke kabla ya mkutano wa madaktari mjini Ottawa, lakini Ksenia akaanza kupiga simu, akiwauliza wauguzi wastaafu, akiwauliza makatibu wa idara, kila mahali akisema neno lilelile, "Samahani sana kwa usumbufu, kuna mtu aliwahi kujaribu dawa hii hapo kwenu halafu akanyamaza?" Kwa muda wa miezi saba akapata tafiti nne ambazo hazikuwahi kuchapishwa, alipozijumlisha na zile tisa furaha yote ikaisha, ikaonekana watoto waliopewa dripu walikuwa wakifa zaidi kwa kuharibika matumbo.

Dokta Strachan alimwita, na marehemu aliyarudia maneno yao mezani kwetu mara nyingi kiasi kwamba tunayajua kwa moyo. "Ksenia, hizo takataka za kwenye droo utaniwekea kwenye karatasi yangu?" "Ni watoto, Wendell." "Hazijakaguliwa na mtu! Na wewe binti yako si alipona na dripu hiyohiyo? Huna hata shukrani?" Marehemu akajibu, "Binti yangu ni mmoja, na nimeshamhesabu." Wiki iliyofuata alihamishiwa chumba cha chini, jirani na mashine za kufulia mashuka, jina lake likaondolewa kwenye karatasi, naye akapanda basi hadi Ottawa kwa nauli yake, akasubiri muda wa maswali, akasimama, akasoma matokeo yote kumi na matatu hadi mwenyekiti alipomzimia kipaza sauti, kisha akaendelea bila kipaza sauti, maana sauti ya kuitia ng'ombe Saskatchewan haihitaji umeme.

Dokta Strachan yupo nasi leo, safu ya tatu upande wa kulia, karibu sana Dokta, na asante kwa maua.

Sasa familia inafika mahali ambapo wengine wangeparuka, lakini marehemu alituagiza tusiparuke, alisema historia ya marehemu ndiyo utafiti unaochujwa kuliko tafiti zote duniani, kila aliyekufa alikuwa mcheshi na mkarimu. Ksenia alikosea. Utafiti mmoja kati ya zile tisa ulichapishwa na daktari wa Halifax, na mmoja kati ya zile nne alipewa na msaidizi wa zamani wa daktari huyohuyo aliyekuwa amehamia Boston, majina tofauti, miaka imepishana kidogo, naye akaamini ni tafiti mbili, kumbe walikuwa watoto walewale, amewahesabu mara mbili. Ni kosa la watu wa kazi ile tu, na ndilo wanaloliogopa kuliko mengine yote. Aligundua mwenyewe mwezi Mei 1993, akipitia tena karatasi zake baada ya misa ya Jumapili, alipokuta mapacha wa Halifax na mapacha wa Boston wana uzito uleule hadi gramu ya mwisho, na wamekufa wakiwa na umri uleule.

Delbert alimkuta amekaa jikoni na koti bado mwilini, akamwambia, "Si unyamaze tu, Ksenia, nani atajua?" Akamjibu, "Nimewaua wale mapacha mara mbili, Del. Mara moja iliwatosha." Jumatatu aliwapigia simu wote aliowasomea matokeo Ottawa, mmoja mmoja, akaanza na Dokta Strachan, na kuanzia siku hiyo korido nzima ikampa jina la Mama Mapacha, wakamcheka nalo zaidi ya miaka kumi, vijana wapya wakafundishwa kulicheka kabla hawajafundishwa kazi. Alikuwa akirudi nyumbani, anapika supu ya borshi, anakula, analala. Aliumia sana, na familia inalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulisema.

Hesabu iliporekebishwa haikuweza tena kuapa kwamba dripu inaua, iliweza tu kusema kwamba hatujui, na kwamba mtu mwenye akili hampi mtoto kitu asichokijua. Hilo lilitosha kulazimisha majaribio makubwa ya nchi nzima, yakafanywa kwa miaka mitatu, yakatoa majibu mwaka 1997, yakathibitisha kwamba dripu haikufungua mapafu ya mtu na iliharibu matumbo, ikaondolewa wodini mwaka uliofuata. Tuzo ya kazi hiyo ilipotolewa haikutolewa kwa Mama Mapacha, na huko chumba cha chini alibaki hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017, akipenda joto la mashine za kufulia wakati wa baridi.

Mwezi Februari 2021 marehemu alianza kuona damu kwenye mkojo, akapimwa, ikagundulika ni saratani ya figo iliyokwisha kufika kwenye mapafu, akafanyiwa upasuaji tarehe 3 Machi, akatumia dawa za kawaida zikamsaidia kwa mwaka mmoja, kisha zikachoka. Tarehe 11 Aprili 2022 aliingizwa kwenye majaribio ya dawa mpya iliyokuwa ikijaribiwa katika miji mitano ya nchi hii chini ya Dokta Anselm Pereira, kijana mwenye moyo mzuri, ambaye alipompa karatasi ya kutia sahihi aliulizwa na mgonjwa wake, "Mwanangu, dawa yenu ikishindwa, mtatangaza?" Dokta akasema, "Tutatangaza, mama, nakuahidi." Marehemu akatia sahihi. Tunaamini Dokta Pereira alisema kweli kwa jinsi alivyoijua siku ile.

Mwezi Septemba 2023 majaribio yalifungwa kwa tangazo la mistari miwili lililotaja sababu za kibiashara. Ksenia wakati huo alikuwa amekonda, anapanda ngazi kwa kukaa, lakini alipolisoma tangazo alicheka hadi akakohoa, akamwambia Delbert, "Miaka yote nimevunja droo za watu, sasa wameniweka mimi ndani." Kesho yake akaanza kupiga simu. Alikuwa amejuana na wagonjwa wenzake kwenye vyumba vya kusubiria, hao wakamuunganisha na wa Winnipeg, wa Winnipeg na wa Halifax, na kwa kila mmoja alitumia maneno yaleyale ya mwaka 1991, samahani sana kwa usumbufu. Wengi wa aliowatafuta walikuwa wamekwisha kufa, simu zikapokelewa na wajane, na watoto, na mama mmoja wa Moncton ambaye alilia saa nzima na Ksenia akamsikiliza saa nzima na mirija puani.

Larissa, binti yake, alikuwa na hasira, na tunamwelewa, akapendekeza kwamba siku mama atakapofariki familia zote zilizofiwa zialikwe kanisani, zisimame mbele ya kampuni na mbele ya dunia, wenye kampuni waone aibu. Marehemu aliposikia aliomba ainuliwe kwenye mito. "Na waliopona?" "Waliopona wana shida gani, mama? Si wamepona?" "Nimekuuliza utawaita au hutawaita." "Wakija wao, kampuni itasema dawa ni nzuri!" "Basi na wewe umeshajitengenezea droo yako, Larissa. Umeweka ndani watu wazima wazima." Larissa akatoka akapiga mlango, akakaa ndani ya gari lake likiwa limewashwa hadi kioo kikajaa ukungu, kisha akarudi ndani na simu mkononi akasema, "Nipe hizo namba." Wakawapigia pamoja. Mmoja kati ya hao alikuwa Bwana Réjean Thibault wa Sudbury, dereva wa lori la magogo, ambaye uvimbe wake uliyeyuka wote, na ambaye alikataa kwa kusema, "Mama, nitasimamaje mbele ya wafiwa nikiwa nimenenepa hivi? Watanitemea mate." Ksenia akamwambia, "Atakayekutemea mate mlete kwangu." Hayo yalikuwa mazungumzo yake marefu ya mwisho.

Ksenia Hawryluk alifariki dunia nyumbani kwake tarehe 17 Januari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na mume wake, binti yake na mdogo wake, Delbert akiwa amemshika miguu kwa sababu alilalamika baridi. Ameacha mume, mtoto mmoja, wajukuu wawili, mdogo mmoja, na majibu ambayo hayajatolewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu mwaka 2021, hasa wauguzi wa zamu ambao walimruhusu abishane, inawashukuru majirani waliotuondolea theluji mlangoni bila kuombwa na kutuletea vyakula hadi friji ikakataa kufungwa, wafanyakazi wenzake wa chumba cha chini na wale wa mashine za kufulia, na kina mama wa kanisa waliochemsha ngano na kuikoroga kwa asali kwa ajili ya kumbukumbu ya leo. Tunakushukuru pia wewe, Dokta Pereira, uliyekuja jana kwenye sala ya jioni ukamshika mkono mdogo wa marehemu ukasema, "Mama Olha, mkataba umenifunga mdomo." Tumekusikia, na hatukuombi ufungue mdomo leo. Macho hawajakufunga.

Tunawaomba sasa wale mliokuja kutoka Winnipeg, Halifax, Moncton na kwingineko, ambao mume wenu, au mke, au mzazi, au mtoto wenu alitumia dawa ile akafa, msimame hapo mlipo, kwa hiari yenu, msiseme lolote. Asanteni. Tumewaona, poleni sana.

Na wewe, Bwana Thibault, huko nyuma kwenye makoti, usijifiche, simama. Simama na wengine mliopona, wote, mnyooke. Ndugu waombolezaji, asiwepo wa kuwaangalia vibaya watu hawa, wamealikwa na marehemu mwenyewe.

Dokta Pereira, hao ndio waliosimama. Hesabu, baba, na uanze na huyu aliyelala hapa mbele.

Pumzika kwa amani, Ksenia.